Mtoto Haharishi, Lakini Harefuki

Mhadhara kwa walimu, wahudumu wa afya na wafugaji, Mwandoya, Wilaya ya Meatu

Nawashukuru wazee mlioacha mifugo kwa vijana mkaja kunisikiliza, na nawashukuru zaidi akina mama mliokuja na watoto, maana hao watoto ndio mada yenyewe. Wakilia msiwatoe nje.

Mtu akitaja ugonjwa wa tumbo hapa kwetu, mawazo yanakimbilia kuhara, kipindupindu, taifodi. Leo nitayapita hayo. Nataka kuzungumzia maambukizi ya bakteria yanayokaa utumboni mwa mtoto mwezi hadi mwezi bila kumharisha na bila homa, bila chochote cha kumfanya mama afunge safari kwenda zahanati. Mtoto anacheza, ananyonya, anakula uji. Ila akipelekwa kliniki, mstari wa urefu kwenye kadi yake unazidi kulala.

Mfano wangu mkuu uko jirani. Mkishika njia ya Mwanhuzi, mkavuka daraja la Sibiti na kuingia Mkalama, kisha mkapanda kuelekea Mbulu, mnafika Haydom. Pale ipo hospitali ya Kilutheri iliyoanzishwa na wamisionari wa Norway miaka ya 1950. Vijiji vinavyoizunguka vinafanana na vyetu kwa mengi: ng'ombe, mbuzi, kuku, mahindi, ukame, maji ya kufuata mbali. Mwishoni mwa 2009 Haydom ilianza kushiriki katika utafiti mkubwa ulioitwa MAL-ED, uliofanyika katika nchi nane: Bangladeshi, India, Nepali, Pakistani, Brazili, Peru, Afrika Kusini na Tanzania. Watoto waliandikishwa wakiwa hawajafikisha hata siku 18 tangu kuzaliwa, wakafuatiliwa miaka miwili. Mara mbili kwa wiki mtu alibisha hodi nyumbani: mtoto anaendeleaje, ameharisha, amekula nini? Kila mwezi kinyesi chake kilichukuliwa, awe mzima au mgonjwa. Kwa watoto 2,145 wa nchi zote nane zilipatikana sampuli zaidi ya 31,000, na nyingi kati yake zilitoka kwa watoto ambao siku hiyo hawakuwa na tatizo lolote.

Hizo sampuli za watoto wazima ndizo zilizobadilisha mazungumzo. Haydom ilikuwa miongoni mwa vituo vilivyokuwa na kuhara kidogo kabisa. Kwa hesabu ya kawaida, watoto wake walipaswa kukua vizuri. Lakini walipofikisha miaka miwili, zaidi ya nusu yao walikuwa wamedumaa. Maabara nayo ikaonyesha kwamba vinyesi vya watoto hao wasioharisha vimejaa vijidudu: Kampilobakta, Shigela, Giadia, na zile aina za E. koli zinazong'ang'ania kwenye ukuta wa utumbo. Sampuli zilipopimwa upya baadaye kwa vipimo vya vinasaba, picha ikawa nzito zaidi. Vijidudu vilivyoonekana kupunguza urefu wa watoto ni hivyo hivyo vinne, na vilipunguza hata pale ambapo havikuharisha mtu.

Nitamchukua mmoja, Kampilobakta, kwa sababu ndiye anayetuhusu zaidi sisi wafugaji. Mwaka 2016 Caroline Amour na wenzake walitoa matokeo ya watoto 1,892 wa utafiti huo. Watoto 85 katika kila 100 walikuwa wamekutwa na Kampilobakta angalau mara moja kabla ya kutimiza mwaka. Waliokutwa naye mara nyingi walikuwa wafupi zaidi walipofika miaka miwili. Ni bakteria mdogo, amejisokota, anaogelea kwa mkia. Kuku hubeba mamilioni yake utumboni bila kuumwa hata kidogo. Msitegemee kumwona kwa darubini ya kituo cha afya. Kumwotesha kunahitaji hewa yenye oksijeni kidogo na joto la nyuzi 42, ambalo ni karibu na joto la mwili wa kuku mwenyewe. Kwa hiyo mama anaweza kuambiwa choo cha mtoto ni safi, naye mhudumu hajamdanganya.

Sasa twende ndani ya utumbo. Kwenye supu ya utumbo wa ng'ombe kuna ile sehemu tunayoiita taulo, yenye vinyweleo vinavyokwaruza ulimi. Taulo ni tumbo la kwanza la ng'ombe, si utumbo mwembamba, lakini utumbo mwembamba wa binadamu nao umefunikwa na vinyweleo vya namna ile, ila ni vidogo mno. Kila kimoja hakizidi milimita moja. Vinaitwa vilasi. Juu ya vilasi hivyo ndipo chakula kinapoingia mwilini. Kilasi kikiwa kirefu, chakula kinapata mahali pengi pa kupenyea; kikifupika, uji ule ule unapita tu.

Kilasi kimevikwa tabaka moja la seli. Moja tu. Seli hizo zimeshikana ubavu kwa ubavu, juu yake kuna ute, na zinabadilishwa upya kila baada ya siku tatu hadi tano. Chini ya tabaka hilo jembamba ndipo ilipokusanyika kinga ya mwili kwa wingi kuliko mahali pengine popote. Iko pale kwa sababu utumbo ndio mlango mpana kuliko yote: kila siku zinapita protini za mimea, maziwa, nyama, na bakteria wasiohesabika ambao ni wenyeji wetu wa halali. Kazi kubwa ya kinga ya utumboni, kwa hiyo, ni kujizuia. Inamwaga kingamwili za aina ya IgA kwenye ute ili kuwafunga bakteria wasisogee karibu, na ina seli maalumu za kutuliza zile zenye hasira. Utumbo wenye afya ni utumbo uliotulia, na utulivu huo una gharama yake na kazi yake kila saa.

Mtoto mchanga hana IgA ya kutosha. Anaipata kwenye maziwa ya mama, hasa yale ya njano ya siku za kwanza ambayo bado kuna nyumba yanakamuliwa na kumwagwa. Naomba radhi kwa wazee, lakini hilo lazima tuliseme waziwazi. Mama aliyeishi Mwandoya ana IgA ya vijidudu vya Mwandoya, na hakuna kopo la dukani lenye kitu hicho.

Kampilobakta anapoingia, anapenya ute kwa kujisokota kwake. Ule mkia wake umeumbwa kwa namna ambayo kimoja cha vihisi vikuu vya seli zetu, kile kinachotambua mikia ya bakteria, hakimtambui. Anafika kwenye seli, anakata vile vishikizo vya ubavuni, anapita katikati. Hapo ndipo vihisi vingine vinapomgundua, na seli za ukuta zinatoa kemikali ya kuita seli nyeupe za damu. Za kwanza kufika ni nutrofili. Nutrofili zina kimeng'enya kiitwacho mayeloperoksidesi, chenye rangi ya kijani. Ndicho kinachoupa usaha rangi yake. Kimeng'enya hicho kinatengeneza asidi ile ile inayofanya kazi ndani ya dawa ya kung'arishia nguo nyeupe. Inaua bakteria. Lakini inaunguza pia seli za mtoto zilizo jirani, kwa kuwa asidi haichagui.

Kwa mtu mzima anayepata maambukizi mara moja, mambo yanaishia hapo: anaharisha siku chache, kingamwili zinapanda, nutrofili zinaondoka, tabaka linajijenga upya. Kwa mtoto anayekaa uwanjani pamoja na kuku hayaishi. Bakteria mmoja akitoka, mwingine anaingia, au yule yule anabaki kwa wiki nyingi. Baada ya maambukizi kadhaa mwili unajifunza kuzuia kuhara, lakini haujifunzi kumzuia bakteria asikae. Kinga ya kutougua na kinga ya kutoambukizwa ni vitu viwili, na watoto wetu wanapata ya kwanza mapema sana. Ndiyo maana hawaharishi. Huko Haydom, na katika vituo vingine vya MAL-ED, watafiti walipima mayeloperoksidesi kwenye vinyesi vya watoto wenye Kampilobakta wakaikuta iko juu, na mkojo wao ulionyesha kuwa utumbo unavuja. Kipimo hiki cha pili ni rahisi kukieleza: mtoto ananyweshwa sukari mbili, moja yenye chembe ndogo na nyingine yenye chembe kubwa isiyotakiwa kupenya ukuta wa utumbo. Ile kubwa ikionekana kwenye mkojo, jueni vishikizo vimelegea.

Hali ikiendelea hivyo kwa miezi, vilasi vinafupika. Jambo hili si jipya, na Afrika Mashariki ni mojawapo ya mahali lilipoonekana mapema. Mwaka 1965 madaktari wa hospitali ya Mulago, Kampala, akiwamo Profesa Michael Hutt wa Makerere, walichapisha matokeo ya vipande vya utumbo vya watoto wenye kwashakoo, na vilasi vyao vilikuwa vimeharibika. Miaka hiyo hiyo wataalamu wengine waliona vilasi vifupi hata kwa watu wazima wasioumwa wa nchi za joto, na wapo waliodhani hilo ni umbile la watu hao. Dhana hiyo iliangushwa na Wamarekani. Vijana wa kujitolea waliotoka kwao na utumbo mzima walikwenda Pakistani, wakaishi na wenyeji, na vilasi vyao vikafupika. Waliporudi Marekani, vikarefuka tena taratibu. Umbile halikuwa na hatia. Kilichobadilika ni maji, vyoo na uwanja wa nyumba.

Mtauliza, utumbo wenye vilasi vifupi unahusianaje na mifupa ya miguu? Chakula kisichofyonzwa ni sehemu ya jibu, wala si sehemu kubwa kama wengi wanavyodhani. Sehemu nyingine ni kwamba vipande vya bakteria vinavyovuja kuingia kwenye damu vinaifanya kinga ya mwili mzima ikae macho. Ini linapokea ujumbe huo, linapunguza kutengeneza homoni ya ukuaji iitwayo IGF-1, ile inayoiambia mifupa irefuke. Ini hilo hilo linatoa homoni nyingine inayofungia madini ya chuma yasiingie kwenye damu, kwa sababu bakteria nao wanayahitaji. Ni mbinu nzuri kwa vita ya wiki moja. Ikidumu mwaka mzima, mama anapewa vidonge vya kumwongezea mtoto damu na damu haiongezeki ipasavyo. Hamu ya kula nayo inashuka. Mwili umeamua kwamba sasa si wakati wa kukua.

Hata chanjo za matone zinaathirika. Chanjo ya rota, tuliyoanza kuwapa watoto wa Tanzania miaka kumi na kitu iliyopita, ilijaribiwa kwanza Afrika katika nchi mbili. Afrika Kusini ilizuia asilimia 77 ya kuhara kukali kwa rota. Malawi, asilimia 49. Chanjo ni ile ile. Sababu ni zaidi ya moja, lakini utumbo ambao tayari una kelele ni mmoja wa washukiwa wakuu. Na nisisikie mtu akitoka hapa akisema chanjo haifai: asilimia 49 ya watoto waliokuwa wapelekwe wodini ni watoto wengi sana.

Basi tufanye nini? Wazo la kwanza la kila mtu, hata la watafiti, lilikuwa dawa. Haydom wakajaribu. Kati ya 2017 na 2020 watoto 1,188 waliingizwa katika utafiti ulioitwa ELICIT. Baadhi walipewa azithromaisini, ile ambayo dukani wengi tunaiita azuma, wakiwa na miezi sita, tisa, kumi na miwili na kumi na mitano, pamoja na dawa nyingine ya kuua vimelea. Wengine walipewa vitamini aina ya nikotinamaidi kila siku, tangu kwa maziwa ya mama aliyekuwa akiimeza. Wengine walipewa vidonge visivyo na dawa ndani ili kulinganisha. Walipopimwa wakiwa na miezi kumi na minane, hakuna kundi lililorefuka kuliko lingine.

Nawaheshimu sana kwa kuchapisha matokeo hayo bila kuyapamba. Ninavyoyasoma mimi, kidonge kilimwondoa bakteria aliyekuwamo, na yeye akarudi kwa njia ile ile aliyoingilia, pengine kabla mwezi haujaisha. Utumbo haukupata muda wa kutulia. Kuna jaribio jingine la azithromaisini, ambalo dawa hiyo ilitolewa kwa vijiji vizima mara mbili kwa mwaka huko Niger, Malawi na hapa kwetu Kilosa. Niger vifo vya watoto vilipungua kwa asilimia 18. Kilosa upungufu ulikuwa asilimia 3 na kidogo, kiasi ambacho wana takwimu hawawezi kukitofautisha na bahati. Kwa hiyo mama atakayetoka hapa akapita duka la dawa kununua azuma ya kumrefushia mtoto atakuwa amenisikia vibaya, na atakuwa anawafundisha bakteria kuizoea dawa tutakayoihitaji siku ya ugonjwa wa kweli.

Wazo la pili lilikuwa usafi. Hapo ndipo maumivu zaidi. Magharibi mwa Kenya, katika kaunti za Bungoma, Kakamega na Vihiga, familia zaidi ya 8,000 ziliingizwa katika utafiti uliotoa matokeo 2018. Wapo waliopewa klorini ya maji, wapo waliopewa sakafu za vyoo, wapo waliopewa vibuyu chirizi na sabuni, na wapo waliopewa vyote. Watoto wao hawakurefuka kuliko wa majirani. Waliorefuka, tena kidogo, ni wale waliopewa chakula cha nyongeza. Zimbabwe nako matokeo ya 2019 yalikuwa ya namna hiyo hiyo.

Wapo waliofurahia matokeo hayo, wakasema fedha za vyoo sasa ziende kwingine. Mimi nasema zilikuwa chache mno. Mama anayechota maji ya lambo ambamo ng'ombe wamekunywa asubuhi, akapewa chupa ya klorini na kibuyu chirizi, bado mtoto wake anatambaa kwenye uwanja ule ule. Katika utafiti wa Amour, waliokutwa na Kampilobakta mara chache walikuwa wale wanaonyonyeshwa maziwa ya mama pekee, wanaokunywa maji yaliyotibiwa, na wenye choo bora. Vitu hivyo vinapunguza. Lakini havifikii uwanja.

Zimbabwe, Francis Ngure na wenzake walifanya jambo ambalo natamani lifanywe hapa: waliketi uwanjani saa sita wakamtazama mtoto. Nyumba 23. Waliandika kila kilichoingia mdomoni. Vidole, ndiyo, na matambara, na udongo: watoto watatu walikula udongo kwa viganja, kwa wastani zaidi ya mara kumi kila mmoja. Wawili walikula kinyesi cha kuku chenyewe. Mama zao hawakuwa wazembe. Walikuwa pale pale wakipepeta, wakichochea moto. Mtoto wa miezi tisa ana mkono mwepesi kuliko jicho la mtu mwenye kazi tano.

Sasa mzee mmoja pale mbele ananitazama kwa wasiwasi, na swali lake nalijua. Kuku tusiwauze. Kuku ni ada ya shule na ni nauli ya hospitali, na yai ni chakula bora cha mtoto. Ekuado watoto waliopewa yai moja kila siku kwa miezi sita walirefuka waziwazi, ingawa jaribio kama hilo Malawi halikuonyesha hivyo. Wala banda peke yake si dawa. Huko Lima, Peru, watafiti waliwafungia kuku wa familia kadhaa kwenye mabanda wakilinganisha na wale walioachwa huru. Nyumba zenye mabanda zikapata kuhara kwa Kampilobakta zaidi. Huenda kuku waliobanana walirundika kinyesi mahali pamoja, na waliokwenda kuwalisha wakarudi nacho ndani kwa miguu na mikono. Banda linahitaji kuwa mbali na jiko na mahali anapolala mtoto, lisafishwe na mtu mzima, samadi ipelekwe shambani, na mtoto anayetambaa awe na mahali pake palipozungushiwa, hata kama ni mkeka mpana uliooshwa. Kuku kulala chumba kimoja na mtoto ndicho ningekikomesha kwanza.

Na kuosha huo mkeka kunataka maji. Nchi nzima udumavu umeshuka, kutoka watoto 42 katika kila 100 mwaka 2010 hadi 30 mwaka 2022, na sitaki tubeze hilo. Mwaka 2017 Mfuko wa Kijani wa Tabianchi ulipitisha fedha za mradi wa kuyaleta maji ya Ziwa Victoria Simiyu. Awamu ya kwanza ni Busega, Bariadi na Itilima. Maswa na sisi Meatu tumewekwa ya pili. Madiwani mlioko hapa, wahandisi watakapokuja na ramani, msiwaulize bomba litapita kijiji gani tu. Waulizeni ni mita ngapi kutoka kwenye koki hadi kwenye uwanja wa nyumba, na mama atapata ndoo ngapi kwa siku kwa bei anayoiweza. Maji ya kunywa tutayapata kwa koki moja ya kijiji. Ya kuosha mikono ya mtoto, mkeka, na sakafu ya banda hatutayapata, kwa sababu hakuna mama atakayebeba kichwani ndoo ya kumwaga chini.

Karibuni maswali, na ningependa tuanze na akina mama.